Pesa za usalama wa mtaa zipo kwa sheria: mwongozo kamili wa kuzifuata Kenya, kuanzia OB namba hadi taa iwake

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano stori ni ileile. Watu wa mtaa wameandika barua, wamempelekea mheshimiwa, wamepigwa naye picha wote wameishika hiyo barua, halafu bajeti inasomwa na hawamo. Mwaka unaofuata wanaandika nyingine ndefu zaidi na kali zaidi, na bado hawamo.

Ukizisoma hizo barua unaona shida si lugha. Mtu amemwomba mbunge taa za barabarani, mwingine amemwomba MCA (mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti) kituo cha polisi, mwingine ameomba anayehusika kabisa ila kwa mwezi ambao pesa zilishagawanywa kitambo. Na karibu zote hazina karatasi yoyote nyuma yake, ni malalamiko tu. Sheria ndiyo imetenga hizi pesa, si roho nzuri ya mtu, kwa hivyo zina mlango wake na tarehe zake na ukikosa kimojawapo umekosa vyote.

Hii ni ya Kenya peke yake. Walio Tanzania au Uganda mfumo wenu ni mwingine, kalenda hii isiwachanganye.

## Vitu vya kukusanya kwanza

- Daftari moja la mikutano. Kila mkutano uandike tarehe, mahali, waliokuja na sahihi zao. Kikundi cha whatsapp si rekodi, mtu akitoka au simu ikiibwa imeisha.
- OB namba za visa vilivyoripotiwa kituoni, yaani namba unayopewa kisa kikiandikwa kwa kitabu cha matukio cha polisi. Hizi ndizo roho ya ombi lako, nitazirudia kwenye hatua ya 3.
- Ramani ya mkono ya mtaa, karatasi moja, yenye alama za mahali watu huibiwa, mahali moto uliwaka, njia ya watoto wa shule.
- Karatasi za ardhi, kama unataka jengo. Si maneno ya mzee fulani aliyesema atatoa ploti.
- CIDP na ADP ya kaunti yenu. CIDP ni mpango wa miaka mitano (wa sasa ni 2023–2027) na ADP ni mpango wa maendeleo wa mwaka mmoja. Zinapatikana kwa tovuti ya kaunti, kama hazipo uliza ofisi ya karani wa bunge la kaunti.
- Watu watano hadi saba wanaoaminika, na hapa nasisitiza, wasiwe wote wazee wa mtaa. Weka mama mboga anayefunga usiku, bodaboda, keateka wa ploti, mwalimu, mtu anayeishi na ulemavu. Hao ndio wanajua giza liko wapi.
- Pesa kidogo ya fotokopi na nauli. Kila barua inatoka nakala mbili, moja inabaki kwa ofisi na moja inarudi nyumbani ikiwa na mhuri na tarehe.

## Hatua ya 1: Jua shida yako ni ya mlango gani

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Hapo kazi zimegawanywa, na ni hapo barua nyingi hufia.

Polisi ni wa serikali ya taifa. Kituo cha polisi, nyumba za askari, ofisi ya chifu na ya naibu wake, hayo yote ni ya juu. Pesa za kuyajenga huku chini mara nyingi hutoka NG-CDF, yaani mfuko wa serikali ya taifa wa maendeleo ya maeneobunge, chini ya sheria ya 2015, ambayo inatenga angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya taifa kwa maeneobunge 290.

Taa za barabarani, zimamoto na ambulensi ni za kaunti. Hiyo mulika mwizi mnayoitaka pale steji (nasema ule mlingoti mrefu wa taa, si ile simu ya tochi) ni ya gavana na bunge la kaunti. Gari la zimamoto pia. MCA hawezi kuwajengea kituo cha polisi hata akiwapenda namna gani, na akiahidi kwa mkutano mpigie makofi kisha uandikie ofisi nyingine.

Kwa nini hii ni muhimu hivi? Kwa sababu pesa ikitumika kwa kazi isiyo ya ngazi hiyo, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaiandika kwa ripoti, na afisa aliyesaini ndiye hujibu. Kwa hivyo afisa akiona ombi la mlango usio wake hawaambii hapana. Anaipokea, anawashukuru, anaiweka kwa faili, na mnangoja miaka.

Mtaa ukihitaji vyote viwili, taa na kituo, andika maombi mawili tofauti. Usichanganye kwa karatasi moja hata kama unaona unaokoa muda.

Tahadhari ya NG-CDF: mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba na ikaweka mwisho wa shughuli zake kuwa 30 Juni 2026, na mambo hayo yakaendelea kwa rufaa na Bungeni. Kwa hivyo kabla hujachapisha kitu, ingia ofisi ya NG-CDF ya eneobunge lenu uulize fandi meneja swali moja: mnapokea miradi mipya ya mwaka gani wa fedha? Jibu lake ndilo linaamua kama ombi linaenda kwake au linapelekwa moja kwa moja kwa idara ya usalama wa ndani kupitia DCC, yaani naibu kamishna wa kaunti.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: tunataka kitu hiki, ni kazi ya ngazi hii, na pesa zake ziko kwa mfuko huu. Kama sentensi ina "au", bado.

## Hatua ya 2: Weka kalenda ukutani

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Lakini kaunti haikai chini mwezi wa sita kuamua, ilishaamua zamani. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 imeweka tarehe hivi:

- 1 Septemba: ADP ya mwaka unaofuata inafika bunge la kaunti. Yaani taa ya kuwekwa baada ya Julai ijayo inatakiwa ionekane hapa, karibu miezi kumi kabla.
- 28 Februari: mkakati wa fedha wa kaunti unafika bungeni, ukiwa na kiwango cha juu ambacho kila idara itapewa. Baada ya hapo idara ya taa ina kikombe chake na ndio basi, utakachoingiza kinamtoa mwingine.
- 30 Aprili: makadirio yenyewe ya bajeti, mradi kwa mradi.
- Mei: kamati ya bajeti inasikiliza wananchi.
- 30 Juni: bunge limeshapitisha.

Sasa ona. Watu wengi hutokea Mei kwa sababu ndio mwezi tangazo linawekwa gazetini na hema linajengwa uwanjani. Ukienda Mei na kitu kipya unamwambia MCA amtoe mtu mwingine mkononi, na huyo mwingine ni jirani yako wa wadi hiyohiyo. Mei nenda, lakini uende kulinda kitu kilichoingia tangu Agosti.

Mwezi wenu wa kazi ni Julai na Agosti, wakati ADP inaandikwa. Ukumbi huwa na watu wachache, maafisa wana subira, na mara nyingi utapewa nafasi ya kuongea hadi umalize. Makueni walijenga jina kwa kushusha hii mikutano hadi vijijini, kaunti nyingine inaitishwa makao ya wadi tu na tangazo lake ni karatasi kwa mlango wa ofisi, kwa hivyo teua mtu mmoja awe anapita pale kila Jumatatu kusoma huo mlango.

Kwa NG-CDF sheria inataka mikutano ya wazi kila wadi, angalau mara moja kila miaka miwili. Uliza tarehe ya wadi yenu, iandike.

Kuna njia ya dharura pia. NG-CDF huweka kando asilimia 5 ya pesa za eneobunge kwa mambo yasiyotarajiwa na yasiyoweza kungoja mwaka ujao. Upepo ukitoa paa la ofisi ya chifu, hapo sawa. Giza lililokuwepo tangu mtaa uanze si dharura kisheria hata kama linauma, usipoteze muda wako huko.

## Hatua ya 3: Geuza uchungu kuwa ushahidi

Hapa ndipo nataka ukae sana maana ndipo maombi hupata nguvu au hukosa.

"Usalama umezorota" haiwezi kuwekwa kwa bajeti. Kila mtaa husema hivyo. Kinachosomeka ni: mahali fulani, saa fulani, kitu fulani, mara ngapi, na kiliripotiwa.

Shida ni kwamba watu hawaripoti. Simu imeibwa, mtu anasema haitarudi, ya nini nipoteze siku. Halafu kituo kinapoulizwa kutoka juu kinasema mtaa huo uko shwari, na ni kweli kwa vitabu vyao, kitabu cha matukio hakina kitu! Kwa hivyo miezi mitatu kabla ya kuandika ombi, tangazeni kanisani, msikitini, stejini na kwa vikundi vya chama: ukiibiwa nenda kituoni upewe OB namba, uilete kwa katibu. Ni bure. Usikubali kuambiwa uje kesho, ongea kwa heshima lakini usitoke: "Afande, naomba tu namba ya OB, nitaondoka." Mara nyingi hiyo inatosha.

Katibu anatengeneza jedwali la safu nne: tarehe na saa, mahali hasa, aina ya kisa, OB namba. Usiandike majina ya walioathirika. Hasa visa vya ubakaji na vya watoto. Karatasi hii itapita mikono mingi na zingine zitaishia kufungia mandazi, na zaidi ya hapo kuna sheria ya kulinda data ya 2019. OB namba yatosha, mwenye mamlaka ataitafuta.

Kisha weka alama kwa ramani. Hapa kuna kitu nimependa kuona kikitokea: visa vikishawekwa kwa karatasi, watu waliokuwa wanataka taa kumi wanagundua karibu visa vyote viko pahali pamoja, labda kati ya steji na ule ukuta mrefu wa ghala ambao hauna mlango wala duka. Ombi la taa kumi huogopesha idara, ombi la mlingoti mmoja mahali pamoja penye visa vilivyoandikwa hupita rahisi.

Kwa moto, ushahidi ni tofauti. Pima njia. Chukua futi kamba, pima upana wa njia kwenye kona nyembamba kabisa, uandike, upige picha. Soko la Gikomba, Nairobi, limeungua tena na tena, moto wa Juni 2018 pale uliua watu 15, na kila moto mkubwa wa sokoni au mtaa wa mabati utasikia lalamiko lile lile kwamba gari lilichelewa au lilifika likakosa njia au maji. Kwa hivyo kabla hamjaomba gari la zimamoto, ambalo ni ghali na linahitaji wafanyakazi wa usiku na mchana, jiulizeni kama mnachohitaji ni bomba la maji la zimamoto karibu na njia pana, na vibanda vitatu visogezwe. Hilo la vibanda ni siasa ngumu, najua, lakini gari bila njia ni mapambo.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi tatu tu: jedwali, ramani, picha zenye tarehe. Zaidi ya hapo hakuna atakayesoma.

## Hatua ya 4: Kama ni jengo, maliza ardhi na askari kwanza

Anayeomba taa aruke hapa aende hatua ya 5.

Ardhi lazima iwe ya umma. Pesa za umma haziwekwi kwa ploti ya mtu. Kuna kiwanja cha umma kilichotengwa? Fanya utafutaji ofisi ya ardhi, upate karatasi, maana viwanja vingi vya "soko" au "kliniki" vimeshapata wenyewe kimyakimya. Hakuna? Basi kuna mzee wa kutoa. Asante kwake, lakini ikiwa ni shamba inahitajika idhini ya bodi ya ardhi, mke wake akubali kwa maandishi, na ihamishwe kabisa jina litoke kwake. Bila hivyo mzee akishazikwa watoto wanakuja na mawakili kudai ploti iliyo na seli juu yake.

Usichukue kona ya shule bila bodi ya shule kukubali kwa maandishi. Na binafsi sioni busara kuweka seli karibu na madarasa, lakini kila mtaa una nafasi yake.

Sasa askari. Jengo si kituo. Anayeamua maafisa wapelekwe wapi ni Inspekta Jenerali, si mbunge wala kamati ya NG-CDF, na ndiyo maana kuna majengo mazuri yaliyopakwa rangi ya bluu ambayo wakazi wake ni popo. Kabla ya msingi kuchimbwa pata barua ya OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na ya kamanda wa polisi wa kaunti ndogo inayosema eneo linahitaji kituo na maafisa watapatikana. Barua ya kukubali kimdomo haipo.

Mtu wa kumjua ni DCC. Huyu kisheria yuko ndani ya kamati ya NG-CDF kama mwakilishi wa serikali ya taifa, na ndiye huyohuyo anaongoza kamati ya usalama ya kaunti ndogo. Yaani pande zote mbili, pesa na askari, zinakutana kwa meza yake. Watu hupiga foleni kwa mbunge wakati DCC yuko ofisini Jumanne asubuhi hana mgeni. Pitieni kwa chifu kwanza ndio msionekane mmemruka, chifu akiandika barua ya kuwatambulisha mlango unafunguka.

Tena kuna mamlaka ya polisi ya kaunti iliyowekwa na sheria ya polisi ya 2011, ambayo gavana anahusika kuiongoza na ina viti vya wananchi, na kamati za polisi jamii chini yake. Kama kwenu inafanya kazi, peleka nakala. Kama hamjawahi kuisikia, peleka nakala vilevile, ili iwe kwa rekodi.

## Hatua ya 5: Andika ombi la ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja. Viambatisho nyuma. Hivi:

> KUH: OMBI LA MLINGOTI MMOJA WA MULIKA MWIZI, KONA YA STEJI NA NJIA YA SHULE
>
> Sisi wakazi wa mtaa huu, wadi ya (jina), tunaomba mradi huu uingizwe kwenye ADP ya mwaka wa fedha ujao chini ya idara inayohusika na taa za barabarani.
>
> Mahali: kona iliyowekwa alama A kwenye ramani. Ni barabara ya umma, nguzo ya stima ya karibu iko hatua chache kutoka hapo.
>
> Sababu: visa vilivyoripotiwa, pamoja na OB namba, viko kiambatisho cha 1. Vingi vimetokea kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na mbili, na saa mbili hadi saa nne usiku.
>
> Gharama baada ya kuweka: tunaomba idara ithibitishe bili ya stima itawekwa kwa bajeti yake ya kawaida.
>
> Tunaomba kujibiwa kwa maandishi.

Ona kile hakipo. Hakuna "tumesahaulika kwa muda mrefu", hakuna "kura zetu". Afisa anayejaza jedwali la ADP anahitaji jina la mradi, mahali, idara, na sababu, na wewe umemwandikia vyote tayari kunakili. Mrahisishie.

Jina la mradi liwe lilelile kwa kila karatasi. Leo ukiandika "kona ya steji" na kesho "karibu na kwa Mama Njeri", bajeti ikitoka hamtajua kama ni yenu, na mjanja anaweza kuipeleka taa kwa steji nyingine ikahesabiwa mmepewa.

Mkitaka nguvu zaidi, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi bunge la kaunti. Linapelekwa kwa karani, lina sahihi, linasomwa na kupelekwa kwa kamati. Ni polepole lakini haliwezi kupotea kwa droo.

## Hatua ya 6: Peleka, pigiwa mhuri, tokea

Nakala kwa: idara husika, MCA, msimamizi wa wadi, karani wa bunge. Kwa kituo cha polisi: ofisi ya NG-CDF, DCC, OCS, mbunge. Kila nakala mhuri na tarehe. Karani wa mapokezi akisema mhuri uko na bosi, kaa kwa benchi ungoje bosi.

Siku ya mkutano wa wananchi mjigawe. Mmoja aongee, dakika tatu, ashike ramani juu. Mwingine ahakikishe majina yenu yameandikwa kwa orodha ya waliohudhuria na jambo lenu limeandikwa kwa minitsi. Wa tatu apige picha ya hizo karatasi kabla hazijaondoka. Msiende watu arobaini wote mtake kuongea, mtaonekana mmeletwa.

Na posho. Kuna watakaokuja kuuliza "chai" iko wapi. Usilipe mtu ombi lako lipokelewe, hiyo ni rushwa na pia haisaidii, anayechukua yako atachukua ya mtaa mwingine pia.

## Hatua ya 7: Fuata jina lako ndani ya vitabu vya bajeti

ADP ikitoka tafuta jina la mradi wenu. Lipo? Vizuri, nusu tu. ADP ni orodha ya matamanio, bajeti ndiyo pesa. Mei fungua makadirio ya Aprili utafute tena, mara hii lazima kuwe na jina na kiasi. Ukiona tu "taa za barabarani, wadi mbalimbali", hujapata kitu, hiyo ni kapu na mwenye mkono mrefu ndiye hutoa. Huo ndio wakati wa kusimama Mei na kusema: andikeni mahali.

Halafu watu husherehekea Julai na kulala. Usilale. Katikati ya mwaka huja bajeti ya ziada na ni pale miradi midogo hukatwa kimya kimya ili pesa ziende kwingine. Uliza MCA kila bajeti ya ziada ikifika bungeni: mradi wetu bado upo?

Ukinyimwa majibu tumia sheria ya kupata habari ya 2016. Raia anaandika, haelezi sababu, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Kuomba ni bure, unalipia tu fotokopi. Wakinyamaza unalalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile watu huita Ombudsman. Mara nyingi barua ya kwanza tu ikitaja hiyo sheria majibu huja yenyewe.

Bure pia: ripoti za Msimamizi wa Bajeti kuhusu kaunti, na ripoti za Mkaguzi Mkuu kwa kila mfuko wa NG-CDF wa kila eneobunge. Tafuta eneobunge lako, nenda sehemu ya miradi iliyokwama. Utacheka, au utalia, lakini utajua ni kontrakta gani na ofisi gani ya kuangaliwa kwa karibu.

## Hatua ya 8: Wakati wa kujenga

Miradi ya NG-CDF inaendeshwa na kamati ya mradi, PMC, yenye akaunti yake. Hakikisheni angalau wawili wa kundi lenu wako ndani, na mmoja anajua kusoma BQ, yaani ile orodha ya vifaa na bei. Ombeni nakala. Ikisema mabati ya geji fulani na yaliyokuja ni mepesi, hapo ndipo pa kusimamisha, si baada ya paa kuezekwa.

Kwa taa, kaunti inaleta kontrakta wake, nyinyi hamna akaunti. Kazi yenu ni mbili: shimo la mlingoti lichimbwe mahali pa alama A na si mbele ya geti la mtu mkubwa, na msisaini wala kupiga picha ya "mradi umekamilika" kabla ya giza kuingia mkaona inawaka.

## Hatua ya 9: Bili na askari, kabla ya kukata utepe

Mlingoti unahitaji stima kila mwezi. Bili isipolipwa laini inakatwa na mnabaki na chuma kirefu. Ulizeni idara ni akaunti gani ya mita inalipa na mwandike namba ya hiyo mita na ya mlingoti kwa daftari, ndio taa ikizima mripoti kwa namba na si "ile taa yetu". Za sola hazina bili, ila betri huibwa sana na hubadilishwa baada ya muda, kwa hivyo uliza nani atabadilisha na ni bajeti ya mwaka gani.

Kituo nacho, siku ya kukabidhiwa hesabu vitu: maafisa wameripoti wangapi, kitabu cha matukio kipo, choo kina maji, seli ya wanawake iko kando, stima imeunganishwa, simu ya kituo ni namba gani. Kinachokosekana kiandikwe kwa minitsi za kukabidhi na DCC asaini palepale.

Na Agosti inayofuata rudi kwa mkutano wa ADP na ukurasa mmoja mwingine: gharama za kutunza hiyo taa, mahali hapohapo, jina lilelile la mradi.